Kindoo cha Maziwa Kutoka Ng'ambo ya Mto

Mdogo wangu wa kiume aliniambia nihame kijijini kwetu, Mamba, huku akinisogezea bakuli la migebuka. Tulikuwa kwake, Mpanda, jioni ya siku niliyopimwa hospitali. Samaki wale walikuwa wametoka Karema, wanono, wameungwa kwa karanga. Nilipoona ananichagulia kipande cha katikati nilijua maneno yameshapangwa.

"Dada, umelima vya kutosha," alisema. "Sasa pumzika. Chumba chako kipo, kimepakwa rangi."

"Kimepakwa lini?"

"Muda kidogo sasa."

"Kabla sijapimwa au baada?"

Mdogo wetu wa mwisho, wa kike, alikuwa amekuja kutoka Kakese ili awepo kwenye mazungumzo. Alicheka mpaka akarudisha tonge kwenye sahani. "Kaka, si nilikwambia? Huyu ukimpa zawadi anakuuliza umeiba wapi."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaingia kwenye chumba hicho kuweka mfuko wangu, na rangi yake haikuwa na harufu tena. Daktari alikuwa amesema presha yangu iko juu asubuhi ile ile. Wao walikuwa wameshanunua rangi.

Sisi tulibaki watatu. Baba alitangulia, mama akafuata kabla mwaka haujageuka, na mimi nikatoka darasa la tano nikashika jembe. Nawakumbuka vizuri watu waliokuja kutuhurumia baada ya matanga. Kila aliyekuja na sukari aliondoka na kitu. Mmoja aliondoka na baiskeli ya baba, eti akaitunze. Mwingine aliondoka na mabati ambayo baba alikuwa amenunua ili aezeke. Mama mmoja alitaka kuondoka na huyu mdogo wetu wa mwisho, akasema atamsomesha mjini. Nilisimama mlangoni nimeshika mchi mpaka akaghairi. Tangu hapo, mtu akiniletea wema, huwa naitazama kwanza mikono yake.

Wadogo zangu walisoma, wakaondoka. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Mpanda, mwingine ni mwalimu Kakese. Niliolewa nikiwa mtu mzima, mume akafariki mapema, mtoto sikupata. Nilirudi kwenye nyumba ya wazazi, makaburi mawili nyuma yake na majaruba ya mpunga mbele yake. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mahali pengine pa kuzeekea.

Jioni ile tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho mdogo wangu akasema kama mtu anayefunga bei dukani: "Basi tukubaliane. Rudi Mamba, meza dawa. Mavuno yakiisha unakuja kliniki. Presha ikiwa imeshuka, kaa na mpunga wako. Ikiwa bado iko juu, hurudi tena. Nguo zako nitazifuata mimi."

Nilikubali kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Yeye alikubali, nadhani, kwa sababu alijua nitashindwa.

Sikuwa naogopa mji. Nilikuwa naogopa kochi. Shangazi yetu alichukuliwa na watoto wake hivyo hivyo, kwa upendo wa kweli. Hakuruhusiwa kufagia. Hakuruhusiwa kuchota maji, bomba liko ndani. Siku nzima alikuwa akitazama kwenye televisheni wageni wanaogombania urithi, sauti zao zimetafsiriwa. Mara ya mwisho nilipomtembelea, miguu yake ilikuwa imejaa maji, inabonyea, na aliniuliza kama mvua imeshaanza kunyesha. Alikuwa amekaa kando ya dirisha lililo wazi, na nje ilikuwa inanyesha.

Daktari aliyenipima alikuwa binti mpole, wa umri wa wajukuu ambao ningekuwa nao. Alikuwa ameniuliza kama nafanya mazoezi.

"Nalima," nilimjibu.

"Unalima mwenyewe, bibi?"

Tangu goti langu la kulia lianze kukataa, nilikuwa nakodi vijana. Maji yalikuwa yanatoka bombani pembeni ya nyumba. Kanisani nilikuwa napelekwa na bodaboda. "Nawasimamia wanaolima," nilisema.

Alicheka. "Basi punguza chumvi, meza dawa, na utembee. Kila asubuhi, mpaka jasho litoke. Na usikae peke yako, ongea na watu."

"Nitembee niende wapi?"

"Popote, bibi."

Popote! Nilitoka pale nikijua binti yule hajawahi kukaa kijijini. Kwetu hakuna mtu anayekwenda popote. Ukikutana na mtu njiani unamsalimia, halafu unamuuliza anakwenda wapi, na lazima awe na jibu. Sasa bibi kama mimi, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hii, aonekane alfajiri anatembea hana jembe wala ndoo, anageuka mwisho wa njia na kurudi alikotoka? Watu watataka kujua usiku alikuwa anawanga kwa nani. Nimewahi kupita mahali palipokuwa na nyumba ya bibi wa namna hiyo. Pamebaki mafiga.

Hata hivyo nilijaribu. Asubuhi moja nilibeba jembe begani ili nipate jibu. Mwenye duka la pembeni akaniita kwa sauti, "Bibi, unakwenda kulima nini na mpunga umeshachanua?" Nikarudi nyumbani, nikakaa mlangoni, nikameza dawa.

Kona moja ya jaruba langu la mwisho, upande wa mtoni, ilikuwa imelala chini yote. Nilikuwa nimeikuta hivyo niliporudi kutoka Mpanda. Nilisema ni nguruwe pori, maana kila mwaka huwa wanakuja, nikaiacha.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja.

Nilikuwa namfahamu kwa mbali. Ni Msukuma, wa rika langu. Watu wake walitoka kaskazini na ng'ombe zao, wakahamahama, mwisho wakajenga ng'ambo ya mto. Tulikuwa tunaonana mnadani, basi. Sasa nilimwona anakuja juu ya tuta kati ya majaruba yangu, anachechemea, amebeba kindoo cha bluu, vile vinavyouzwa na mafuta ya kupikia ndani.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Kisukuma changu kilikuwa kinaishia kwenye salamu na hilo "mayu", yaani mama.

"Mhola?"

"Mhola. Karibu."

Hakukaa. Alininyooshea kindoo kwa mikono miwili. "Maziwa kidogo, mayu. Ya mgando. Ule na ugali."

"Ya nini?"

"Ya kula."

"Najua maziwa yanaliwa. Nauliza ya nini."

Alitazama upande wa majaruba, halafu akatazama miguu yake. "Ujirani tu," alisema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Nilibaki nimeshika kindoo. Miaka yote ile tumeishi mto mmoja, ujirani umeanza leo? Nilifungua mfuniko. Yalikuwa maziwa mazuri, mazito, yana utando wa njano juu. Nikammiminia paka, mengine nikawachanganyia kuku pumba. Kesho yake paka alikuwa hai, tena anadai mengine. Lakini paka si mtu.

Sasa kulikuwa na suala la chombo. Kwetu ukiletewa chakula kwenye chombo cha mwenzio, hukirudishi hivi hivi. Unakiosha, unatia kitu ndani, unakipeleka. Ni adabu ya kawaida, hata mtoto anaijua. Lakini mimi nilikuwa na sababu ya ziada. Sikutaka mama yule awe na kitu chochote cha kunitajia baadaye. Nilikijaza kindoo karanga mpaka mfuniko ukagoma. Na sikutaka kumpa mtu anipelekee, maana mkono wa tatu ukiingia katikati unaweza kutia kitu au kutoa kitu, na lawama ikarudi kwangu. Nikajifunga khanga, nikaenda mwenyewe.

Nilikuwa sijapita njia ile tangu goti liharibike. Matuta yalikuwa yanateleza kwa umande. Mtoni kuna gogo la kuvukia, nikalivuka nikiwa nimekaa, nasogea kidogo kidogo kama mtoto, namshukuru Mungu hakuna anayeona. Upande wa pili kuna mwinuko wenye kichuguu, nikapumzika hapo nikihema. Jasho lilikuwa linaingia machoni. Niliwaza kwamba kama mama yule nia yake ilikuwa kuniua, hakuhitaji sumu, kindoo peke yake kilitosha.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba. Wakwe zake walikuwa wanazunguka na kazi: huyu anatwanga, huyu anakamua, huyu anafagia mpaka kwenye miguu yake, naye ananyanyua miguu wapite na ufagio. Aliponiona alisimama. Alipokipokea kindoo na kuhisi uzito wake, uso ulimshuka.

"Umerudisha na kitu," alisema.

"Karanga."

"Mayu, mimi sikutaka kitu."

"Na mimi sikutaka kitu."

Tukatazamana. Nilikuwa nimetegemea mtu aliyepewa karanga afurahi. Huyu alionekana kama amepewa habari za msiba. Njiani kurudi nililitafuna jambo lile: mtu anayekasirika ukimlipa ni yule aliyetaka ubaki na deni. Na mtu anakutakia deni la nini kama hakuna kitu chako anachokitamani? Nilikuwa na nyumba, na majaruba yanayopakana na mto ambao ng'ombe wake wanaunywa. Halikuwa fumbo gumu.

Haikupita wiki, akaja tena. Kindoo kile kile, maziwa mengi zaidi, na juu yake samli kwenye kikopo. Nilipeleka mchele. Akaleta maziwa na nyama iliyokaushwa. Nilipeleka viazi na kitunga cha uyoga. Kila nilipomrudishia kitu alikuwa anazidi kukosa raha, na kila alipoleta nilikuwa nazidi kuwa macho. Hakuna aliyeweza kuacha. Nikiacha mimi, nabaki na deni lake ndani ya nyumba. Kwa nini yeye hakuacha, ndilo swali lililokuwa linanikosesha usingizi.

Kanisani wenzangu wa jumuiya walishaniona.

"Mwenzetu siku hizi anachunga," alianza mmoja tulipotoka misa.

"Anatafuta mzee mwenye ng'ombe."

"Kwa goti lile? Ng'ombe wenyewe watamkimbia."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Halafu mkubwa wao akanivuta kando. "Shika hati ya shamba lako vizuri," aliniambia. "Hao huwa wanaanza na maziwa."

"Najua," nilimjibu. "Ndiyo maana sinywi."

Hiyo ilikuwa kweli mwanzoni. Baadaye niliona paka amenenepa mpaka haruki tena dirishani, nikaonja kijiko. Halafu bakuli. Nilikuwa nakunywa huku nikijisikiliza tumbo.

Jambo moja sikulitilia maanani wakati ule. Nilipokuwa napita alfajiri na kindoo mkononi, hakuna aliyeniuliza kitu. Mtu mwenye chombo ana anakokwenda. Mwenye duka alikuwa ananisalimia tu, anaendelea kufungua mlango wake. Gogo la mtoni nikaanza kulivuka nimesimama. Kwenye kichuguu sikupumzika tena, ila nilisimama kidogo kuangalia kama kuna mtu ananifuata.

Na tulipokuwa tukikutana tulikuwa tunakaa. Huwezi kumpa mtu chombo na kugeuka. Nilikuwa nakaa naye tunapukuchua mahindi, kila mmoja na ungo wake, wakwe zake wakilalamika kwamba tunawanyang'anya kazi. Alinisimulia jinsi walivyotembea na ng'ombe kutoka kwao, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Nilimsimulia mambo ya mchi na yule mama wa mjini, akapiga makofi. Aliongea vizuri akiwa amejisahau. Halafu ghafla anakumbuka kitu, anainamia ungo wake, ananiangalia kwa pembeni.

Siku moja aliniuliza, hana hili wala lile, "Mayu, umeshaenda kwa mtendaji?"

Mikono yangu ilisimama. "Mtendaji wa kijiji? Kufanya nini?"

"Nauliza tu."

"Wewe umekwenda?"

"Mimi niende kufanya nini?"

Nilipofika nyumbani niliitoa hati ya shamba chini ya godoro, nikaihamishia kwenye debe la mpunga.

Siku nyingine alikuja wakati nafukuza ndege shambani, mpunga unakaribia kuvunwa. Alikaa nami juu ya tuta. Tulipiga kelele pamoja mpaka sauti zikakauka. Kisha nikamwona ameikazia macho ile kona iliyolala.

"Hapo pamefanyaje?" aliuliza polepole.

"Nguruwe."

"Nguruwe?"

"Nguruwe. Nani mwingine?"

Aliinuka, akajipangusa majani, akaaga kwa heshima kubwa mno. Kesho yake alileta maziwa na jogoo.

Mavuno yakaisha, siku ya kliniki ikafika. Mdogo wangu alinipeleka mwenyewe kwa gari, na nyuma ya gari niliona maboksi matupu mapya, ya kuhamia. Daktari yule binti alinifunga mpira wa mashine mkononi, akapima, akaukunja uso. Akanifunga mkono wa pili. Akapima tena.

"Bibi, umefanya nini?"

"Imepanda?"

"Imeshuka. Imeshuka vizuri. Unatembea?"

"Natembea."

"Unaenda wapi?"

"Kurudisha kindoo."

Alidhani ni utani. Mdogo wangu hakucheka. Nje, karibu na gari, aliniambia nisimame nitembee mbele yake mpaka kwenye geti na kurudi. Nilitembea, huku nikimweleza habari za kindoo na mama wa ng'ambo ya mto.

"Goti?"

"Lipo."

"Dada, huyo mama anakupa dawa gani?"

"Maziwa."

"Maziwa gani yanashusha presha? Watu wanakuwekea kitu leo unachangamka, kesho unasaini usichokijua. Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

Hapo alikuwa amenishika pabaya. Kila alichokisema nilikuwa nimeshakiwaza mwenyewe. Akasema makubaliano ni makubaliano, presha imeshuka, lakini hatanirudisha kwa mtu asiyemjua. Atakwenda amtazame kwa macho yake. Asiporidhika, nitapanda gari kurudi Mpanda siku hiyo hiyo, na maboksi yatapata kazi.

Njia nzima inayokatiza hifadhi ya wanyama tulifunga vioo kwa sababu ya mbung'o, tukakaa kwenye joto. Mbung'o mmoja aliingia hata hivyo, akamng'ata shingoni, na alipompiga alipiga kwa hasira iliyomlenga mtu mwingine.

Gari halivuki mto, ikabidi aniache nitangulie. Kwenye gogo yeye ndiye aliyekaa na kujiburuta. Nilimsubiri ng'ambo, na nilikuwa wa kwanza kufika juu. Alinikuta nimesimama kwenye kichuguu, akashika kiuno. "Unapita hapa mara ngapi?"

"Kila kindoo kikija."

Yule mama alipomwona mwanaume mwenye viatu vya ngozi anakuja nami, aliweka ungo chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Wakwe zake wakaacha kutwanga. Akatuletea vigoda mwenyewe, akakaa chini kwenye ngozi, miguu ameikunja upande.

"Mama, shikamoo," mdogo wangu alianza.

"Marahaba, baba. Nilijua mtakuja."

"Ulijua?"

"Tangu mwanzo nilijua."

Mdogo wangu akanitazama, macho yakisema *unaona?* Akasogeza kigoda. "Basi tusizunguke. Unataka nini kwa dada yangu?"

"Nataka apokee pole yangu, baba. Mbona hataki kuipokea?"

"Pole ya nini?" niliuliza mimi.

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika kweli. "Mayu, usinitese. Ng'ombe waliingia kwenye mpunga wako ulipokuwa hospitali. Mwanangu alilala kivulini, wakavuka mto. Nikakuletea maziwa tuyamalize kikubwa. Wewe ukanirudishia karanga! Wanangu wakaniambia, huyo amekataa, mtu anayelipa pole yako anataka kesi, atakwenda kwa mtendaji siku yoyote. Nikaleta tena. Ukalipa tena. Nikakuuliza mtendaji, ukanigeuzia swali. Nikakaa nawe shambani nikasema sasa nitubu, nikakuuliza pamefanyaje, ukaniambia nguruwe! Usoni kwangu. Nikajua unatusema sisi."

Mkwe mmoja aliingia ndani haraka, tukamsikia anacheka nyuma ya ukuta.

"Mimi nilidhani ni nguruwe," nilisema.

"Nguruwe wana kwato za ng'ombe?"

"Sikwenda kuangalia kwato. Goti lilikuwa linauma."

"Na karanga?"

"Karanga ni adabu! Chombo nitakirudishaje kitupu?"

"Sisi tulikaa vikao kwa sababu ya karanga zako," alisema. "Vikao, mayu."

Mdogo wangu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Alipoinua uso alikuwa anajifuta machozi kwa leso. Hofu ilikuwa imemtoka, na nilifurahi kuliona hilo, ingawa mimi bado nilikuwa najiuliza kama habari hii haijapangwa vizuri mno. Nikamwangalia mama yule mikono. Ilikuwa ya mtu wa rika langu, imepasuka.

"Basi limekwisha," alisema mdogo wangu, akisimama kama mwenyekiti anayefunga mkutano. "Dada, sema umesamehe, mama wa watu alale usingizi. Kindoo kibaki kwake, mpumzike wote wawili."

Wakwe zake nao walikubali kwa sauti. Mmoja alisema ni kweli mama apumzike sasa, kila siku kuvuka mto na umri ule. Alishakichukua kindoo na kukitundika ukutani. Nilimwona mwenzangu anatazama kigoda chake, pale pale wanapofagia mpaka miguuni. Nami akilini nikauona mlango wangu, na mimi nimekaa hapo tangu asubuhi, na goti, na kliniki nyingine inakuja, na maboksi ndani ya gari.

"Sijasamehe," nilisema.

"Dada!"

"Ulikuwa mpunga umeshachanua. Kona nzima. Siwezi kusamehe hivi hivi."

"Si umekunywa maziwa yake msimu mzima?"

"Na yeye amekula karanga zangu. Tuko pale pale."

Mdogo wangu aligeuka kwa yule mama kumwomba msaada. Mama aliniangalia kwa muda mrefu. Nilishindwa kusoma alichokuwa anawaza, na mpaka leo sijui kama alinielewa au alikuwa bado ananiogopa. Kisha akanyoosha mkono, mkwe akakitungua kindoo akampa.

"Hajasamehe," alisema. "Ataniona mjinga nikikaa. Itabidi nilete mengine."

"Lete. Nitarudisha."

"Rudisha. Lakini ujue karanga zako zilikuwa na mchanga."

"Ulitaka zilimwe juu ya bati?"

"Na mchele ulikuwa na chenga."

"Maziwa yako hata paka aliyafikiria kwanza!"

Mdogo wangu alisimama katikati yetu akigeuza shingo huku na huku. "Nyie wawili mna akili kweli?" aliuliza. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu samli.

Aliondoka jioni ile peke yake, maboksi yake yakigongana nyuma ya gari. Chumba amekipangisha kwa mwalimu mmoja mgeni. Kila wiki ananipigia simu, na kabla ya kuniuliza dawa na goti anauliza kwanza, "Dada, mmeshapatana?"

"Bado," namwambia.

"Mpaka leo? Na presha?"

"Iko chini."

Hapo huwa ananyamaza. Nasikia anapumua, nasikia na pikipiki zinazopita mbele ya duka lake. Ni mtoto niliyemlea mwenyewe, najua ukimya wake. Kuna kitu anashuku. Namwacha ashuku, naaga, maana jua linapanda na mwenzangu wa ng'ambo hapendi nikichelewa.